Dawa ya Kelele ni Kelele?

Katika nyumba nyingi za Mpanda siku haiishi jua linapozama. Mashine ya kusaga ya jirani bado inanguruma, baa ya mtaa wa pili imefungulia muziki, bodaboda zinapita mlangoni, na wanaoishi karibu na machimbo ya dhahabu wanasikia karasha zikiponda mawe. Ndani ya nyumba hizo mna mtoto mwenye homa, mwanafunzi mwenye mtihani kesho, na mzee mwenye shinikizo la damu. Wote wanageukageuka kitandani. Asubuhi wanasema wamelala, kumbe walijilaza tu.

Tumezoea kuiita kelele kero, tukasahau kwamba inadhuru afya. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika kama desibeli 60. Mtu anayeishi miaka mingi penye kelele kubwa huwa katika hatari zaidi ya kupata shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Watoto nao huumia. Mji wa München, Ujerumani, ulipohamisha uwanja wake wa ndege mwaka 1992, wataalamu waliwafuatilia watoto wa pande zote mbili. Waliokaa karibu na uwanja wa zamani waliboreka katika kusoma na kukumbuka. Waliokaa karibu na uwanja mpya walirudi nyuma.

Je, tufanye nini? Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na wataalamu wamejaribu vivyo hivyo kwa kelele. Sauti ni mawimbi hewani. Maikrofoni huisikia kelele inayokuja, mtambo huipima, kisha spika hutoa wimbi lililo kinyume chake: pale la kwanza linapopanda, la pili linashuka, na yote mawili hufifia. Mjerumani Paul Lueg alipewa hati ya uvumbuzi huo huko Marekani mwaka 1936. Leo marubani huvaa masikioni vifaa vinavyofanya kazi kwa njia hiyo.

Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nanyang, Singapore, walitangaza kwamba wamefunga spika ndogo 24 kwenye nondo za dirisha lililo wazi, wakapunguza kelele za magari, treni na ndege kwa hadi desibeli 10. Kwa sikio la binadamu hiyo ni karibu nusu. Habari hii inatugusa, maana Singapore ni nchi ya joto kama kwetu, na watu wake wanahitaji dirisha liwe wazi.

Hata hivyo tusijidanganye. Spika zile ndogo hazikuweza kuuzima mngurumo mzito, na besi ya muziki wa baa ni mngurumo wa namna hiyo. Sauti za watu nazo ziliwashinda. Tena wao walilinda dirisha peke yake. Nyumba zetu nyingi hazina dari, na kati ya ukuta na bati kuna uwazi unaozunguka nyumba nzima. Ukiweka mtambo dirishani, kelele itapita juu ya kichwa chako.

Basi tuanze na uwazi huo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Udongo au saruji na vipande vya tofali vinatosha kuuziba, na mwenye uwezo aongeze dari. Faida ni mbili, kwa kuwa mbu wa malaria hupenda kuingia kwa njia hiyo hiyo. Lakini nyumba lazima ipumue: madirisha yabaki na wavu, hasa yale ya upande usio na barabara, na huko ndiko vitanda viwekwe. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa chumbani, kwa maana hewa yake huua watu usingizini.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, dawa kubwa iko kule kelele inakoanzia. Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kabla ya kufika huko, wazazi watatu au wanne waende pamoja kwa mwenye mashine au mwenye baa, mchana, kwa upole, wakamweleze habari za mtoto mgonjwa. Pengine hajui. Akikataa, wamwone mwenyekiti wa mtaa.

Na tutakapokwenda, tusiende na mikono michafu. Sisi waamini tunafunga vipaza sauti kwenye harusi, matanga na mikesha, tukavielekeza mtaani hadi alfajiri. Mgonjwa aliye jirani haulizi kama kinachomnyima usingizi ni dansi au wimbo wa dini. Mungu wetu si kiziwi. Tupunguze sauti saa nne usiku, tugeuze spika zielekee ndani, ndipo tutakapokuwa na uso wa kumwomba mwenye baa afanye hivyo pia.