Mwacheni Muuguzi Asome

Kahawa ikishauzwa, mazungumzo ya hapa Kagoma, wilayani Muleba, huhamia kwenye fomu za vyuo, na miaka hii neno linalosikika zaidi ni kozi fupi. Binti mwenye cheti cha uuguzi, aliyekwisha kutumikia zahanati, anarudi darasani achukue stashahada. Mwenzake mwenye stashahada anatafuta shahada. Kila mmoja anataka amalize upesi arudi kazini, na sisi wazazi tunachekelea, maana miezi ikipungua na ada hupungua. Kwenye furaha hiyo naomba nafasi ya kusema, kwa sababu nadhani hesabu yetu ina kasoro.

Kozi hupunguzwa miezi. Mambo ya kujifunza hubaki yale yale. Anayesoma kwa mbio atakutana na mtihani ule ule, leseni ile ile na mgonjwa yule yule. Kwa hiyo ile miezi iliyokatwa lazima ifidiwe na mtu. Kwa sasa anayeifidia ni mwanafunzi peke yake, kwa usingizi wake. Mimi nashikilia kwamba wa kufidia ni sisi tulio nyumbani, pamoja na wakubwa wake wa kazi. Akiachiwa mzigo huo peke yake atafeli. Au litatokea lililo baya zaidi, atafaulu na huku hajui.

Tuanze mlangoni, maana wengi tunasikia habari hizi juu juu. Anayetaka kuingia chuo cha uuguzi kwa stashahada hapa nchini anatakiwa awe amefaulu kidato cha nne masomo yasiyopungua 4, ya dini hayahesabiwi, na ndani yake ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Masomo ni miaka 3 iliyopangwa kwa ngazi: ya 4, ya 5 na ya 6. Ndiyo maana mwenye cheti cha ngazi ya 5 anaweza kurudi akamalizia ya 6 bila kuanza tena alifu kwa ujiti. Shahada ya kawaida ni miaka 4. Na nyuma ya vyuo vyote limesimama Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Pasipo leseni ya Baraza, karatasi ya chuo haimruhusu mtu kumhudumia mgonjwa.

Hisabati na Kiingereza zimeandikwa kuwa ni nyongeza ya sifa tu. Hisabati mimi ningeifanya sharti. Daktari ameagiza lita 1 ya dripu iende kwa saa 8. Mpira uliopo unatoa matone 20 kwa kila mililita. Muuguzi, amesimama, usiku, tochi ya simu mkononi, anatakiwa ajue kwamba mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000, na saa 8 ni dakika 480. Akigawanya anapata matone kama 42 kwa dakika. Kisha aitazame saa yake yenye mshale wa sekunde, ahesabu, abane au alegeze. Mpira wa mtoto mdogo ni mwingine, unatoa matone 60 kwa mililita. Akipiga hesabu ya mpira wa 60 ilhali aliofunga ni wa 20, mtoto anaingiziwa maji mara tatu ya aliyoandikiwa. Mtu aliyepata saa mbili tu za usingizi usiku uliopita huichanganya mipira hiyo, hata awe na akili kiasi gani.

Au chukua patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama mzazi. Kila nusu saa muuguzi anasikiliza moyo wa mtoto na kuandika, anahesabu uchungu na kuandika. Kila saa 4 anapima njia imefunguka kiasi gani, na presha. Karatasi ina mistari miwili ya mshazari, mmoja wa tahadhari, mwingine wa hatua. Mama akiwa zahanati, alama zikivuka mstari wa tahadhari, anatakiwa awe njiani kwenda hospitali, hakuna kusubiri mume arudi kutoka ziwani. Lakini kila mkufunzi anaufahamu ule ugonjwa wa patografu kujazwa mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa, ili faili lipendeze. Mwanafunzi aliyefika wodini amechoka huo ndio ujuzi anaoondoka nao: kupendezesha faili. Kuisoma ile mistari kunataka ukae kando ya kitanda cha mama mmoja tangu asubuhi hadi ajifungue, halafu urudie kwa mwingine, na mwingine. Saa hizo hakuna mwalimu aliyegundua namna ya kuzifupisha.

Najua nitarushiwa methali kwamba haraka haraka haina baraka, kana kwamba naipinga kozi yenyewe. La hasha. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hataki muuguzi wa pole pole, na wilaya yenye visiwa kama Bumbire na Goziba haiwezi kungoja miaka mingi kupata wauguzi wenye elimu ya juu zaidi. Kozi fupi naitaka. Ninachokataa ni kuifanyia ubahili.

Tazama wenzetu walioanza zamani. Marekani, Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianzisha shahada ya uuguzi ya njia ya mkato mwaka 1971, kwa watu wenye shahada nyingine tayari. Siku hizi kozi za namna hiyo huko ni za miezi 11 hadi 18. Saa za mazoezi hospitalini hazikupunguzwa. Ni zile zile za wenzao wa kozi ndefu. Na vyuo huwaonya wanafunzi wasishike kazi ya mshahara wakati wa masomo. Fikiri basi: watu wenye umeme usiokatika na maktaba iliyo wazi usiku kucha wanaambiwa hawataweza kuchanganya. Binti yetu tunamtaka asome, ashike zamu, apalilie kibanja na apike msibani.

Mtu atasema, mbona Kenya waliweza? Kweli. Mwaka 2005 shirika la Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kuwapandisha daraja wauguzi wa cheti kwa masomo ya njia ya kompyuta, wakiwa kazini. Wauguzi wa kupandishwa walikuwa kama 22,000, na kwa nafasi za vyuo zilizokuwepo kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100. Nauheshimu mpango ule. Ila tusijidanganye kwamba kompyuta ilimaliza kila kitu. Wanafunzi wale waliendelea kwenda wodini kufanya mazoezi chini ya wasimamizi, na aliyekuwa na mkuu wa kazi mkorofi kwenye kupanga zamu aliteseka kama atakavyoteseka wa kwetu. Mashine husafirisha somo hadi Goziba. Haimpi mtu saa ya 25.

Mkoa wetu, tukumbuke, umekwisha kuonja gharama ya kutojua. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, hapa hapa Muleba. Watu wakiuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo za magendo, wauguzi walikuwa wakiwaosha na kuwalisha wagonjwa ambao ndugu zao walishaogopa kuwagusa. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ukatangazwa Bukoba Vijijini. Waliougua ni 9, waliokufa ni 6. Kati ya hao 9, wawili walikuwa wahudumu wa afya, na mmoja wao hakupona. Januari 2025 ugonjwa huo ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Na kinga huanzia mikononi: kunawa kwa sabuni kunakotakiwa ni kwa sekunde 40 hadi 60, kila muuguzi anapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mwambie mtu anayesinzia ahesabu sekunde 60 mara thelathini kwa zamu moja, uone.

Sasa nije nyumbani, maana huko ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo.

Msiba kwetu si jambo la kupitia na kuondoka. Kuna kuhani, kuna kulala msibani, kuna kuchota maji, kuna kumenya ndizi tangu alfajiri, na macho ya watu yanahesabu nani yupo na nani hayupo. Muuguzi anahesabiwa mara mbili, kwa kuwa ni mwanaukoo na kwa kuwa yeye ndiye atakayempima presha mjane akianguka. Akikosa, husikii lawama siku hiyo. Utaisikia siku yake ya shida, pale watakapokaa wachache. Desturi hii mimi naipenda. Ndiyo iliyotushika Buhaya tusisambaratike miaka ile tulipokuwa tukizika kila wiki. Lakini desturi ikikosa mlango wa ruhusa kwa mtu aliye chuoni, inageuka kodi, na kodi hiyo italipwa na mgonjwa asiyehusika. Jirani akifa wiki ya mitihani, mwanafunzi atume rambirambi na ukoo upokee bila kununa. Hali kadhalika kipaimara, harusi na makundi ya simu ya michango. Senene wakianguka Novemba, hapo sisemi kitu. Ale, ila wa kukesha na taa kuwakamata awe mwingine.

Wanaume wenzangu, wengi wa hawa wanaorudi masomoni ni wake zetu. Tunajisifu kilabuni kwamba mama fulani anasoma, na alfajiri ni yeye anayewasha moto, anayeandaa watoto, kisha akimbilie basi aliwahi darasa. Jioni tunauliza chakula. Kama kozi ni ya mwaka, basi kwa mwaka huo baba aingie jikoni, au amlete dada wa kazi, au awapeleke watoto kwa bibi yao. Asiyeweza lolote katika hayo asitie saini kwenye fomu ya ada akidhani amemsomesha mke.

Kuhusu ada yenyewe nitasema kwa ufupi. Usimsomeshe mtoto kwa butura. Kahawa iliyouzwa ikingali mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi, inalipa muhula wa kwanza tu, na muhula wa pili binti anaitwa nyumbani katikati ya mazoezi aje kusaidia kutafuta pesa. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada pia, na baadhi ya fani za afya zimo, ila si zote. Masharti yake na orodha ya fani zilizomo yasomwe mapema, kabla ya kumwendea mnunuzi wa butura.

Nanyi mnaosoma, msidhani nimewasahau. Mkishapewa nafasi hiyo, mna deni. Kile kitabu cha mazoezi kina orodha ya kazi ambazo msimamizi anatia saini baada ya kukuona ukizifanya. Wapo wanaoomba saini kwa maneno matamu, sista nisaidie, muda umeisha. Saini ya namna hiyo ni uongo ulioandikwa juu ya mwili wa mtu ambaye hujakutana naye bado. Hujazalisha, usiandikiwe umezalisha. Umepata sapu, rudia mtihani bila kutafuta mchawi. Na mwenye miaka kumi kazini awe macho zaidi, kwa sababu mkono wake una mazoea, na mazoea mengine ndiyo hasa aliyotumwa chuoni kuyaacha. Mkufunzi mwenye umri wa mdogo wako akikwambia hivyo sivyo sindano inavyoshikwa, itika. Masomo na mitihani ni kwa Kiingereza, mtajitahidi. Lakini bibi wa Kamachumu aliyelazwa ataeleza maumivu yake kwa Kihaya, tena kwa kuzunguka, na akimaliza kuzunguka ndipo atakapolitaja lililomleta. Kumsikiliza hadi hapo nako ni sehemu ya masomo.

Wamebaki wenye mamlaka. Najua shida ya mfawidhi wa zahanati yenye wauguzi wawili: mmoja akienda chuo, mwingine anabaki na zamu zote. Ndiyo maana ruhusa nyingi hutolewa nusu nusu, nenda kasome, ila Jumamosi na Jumapili uje ushike zamu ya usiku. Ruhusa ya hivyo inamharibia mwanafunzi masomo, na zahanati inapata muuguzi anayesinzia. Afadhali halmashauri iwatume wachache kwa zamu, mmoja mmoja, na mahali pake apelekwe mtu wa muda kutoka kituo kikubwa, kuliko kuwaruhusu wengi kwenye karatasi tu. Nafasi ya aliyetumwa ikipwaya mwaka mmoja tutavumilia. Tulishavumilia mengi yasiyo na faida hata hiyo.

Kwa hapa Kagoma napendekeza jambo ambalo halihitaji kibali cha wilaya. Vyama vyetu vya kufa na kuzikana vina daftari la mahudhurio na faini ya asiyefika. Kikao kijacho kiongeze safu moja katika daftari hilo, ya wanachama walio chuoni, wawe wa uuguzi au fani nyingine. Waliomo wasidaiwe faini wala zamu ya kupika mpaka wamalize, mchango wao wa fedha ulipwe na ukoo, na katibu asome majina yao kwa sauti mbele ya wote, ili asiwepo wa kuuliza msibani kwamba fulani yuko wapi.