Pono, na Jawabu Tulilolikosea



Makala yetu ya wiki hii ni deni. Tunamlipa binti mmoja wa Bungoma, na kwa kuwa tulimkosea mbele ya watu, si haki tumlipe faraghani.

Katika likizo ya shule tulikwenda kuwazuru jamaa zetu wa Kitale, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, kwenye mashamba ya mahindi karibu na Mlima Elgon. Siku ya tatu tukateremka Bungoma, ambako akina mama walituomba darsa baada ya swala ya alasiri. Mada ilikuwa neema za Mwenyezi Mungu katika bahari. Tulizungumza kwa raha, maana wengi waliotusikiliza wanawajua mbuta, ngege na omena wa Ziwa Victoria, ilhali bahari ya chumvi hawajaiona.

Ulipowadia wakati wa maswali, akainuka binti wa miaka kama 13, akasema kwa adabu: "Sheikh, nimesoma kitabuni kwamba yuko samaki wa baharini aitwaye pono. Huanza akiwa jike wa rangi ya kahawia, kisha akageuka dume wa buluu na kijani. Je, ni kweli?" Baadhi ya akina mama wakacheka. Mama yake akainamisha uso. Nasi, kwa kiburi cha mzaliwa wa ufuoni, tukamjibu: "Mwanangu, pono tumemla tangu utotoni. Hayo ni maneno ya vitabuni tu." Akasema, "Naam, Sheikh," akaketi. Hakuuliza tena.

Ile "Naam, Sheikh" ilitufuata safari nzima ya kurudi. Tulipofika nyumbani tukamwendea mjomba wetu, ambaye ametega dema kwa zaidi ya miaka 40, tukamsimulia. Akatutazama kwa huruma. "Pono wakubwa wa kijani nimewapasua wengi mno," akasema, "na sijapata kuona yai hata siku moja. Mayai huwa kwa wale wa kahawia na wekundu. Kwani mwanangu, lini uliniuliza?"

Basi tukauliza, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata. Aina za pono duniani hukaribia 100. Katika nyingi miongoni mwao, samaki mdogo huvaa rangi zilizofifia, za kijivu, kahawia au wekundu, na aghalabu huwa jike. Akishakua, baadhi ya majike hugeuka madume, na pamoja na kugeuka huko hubadilika vazi zima: kijani, buluu, na michirizi ya waridi usoni. Dume wa namna hiyo huwa na eneo lake mwambani na majike yake, na katika baadhi ya aina akitoweka, jike mkubwa kuliko wenzake hushika nafasi yake. Lakini si pono wote walio hivyo. Wako wanaozaliwa madume wakabaki na vazi lile lile la majike, na yule pono wa kwenye nyasi za bahari, anayenaswa kwa wingi katika madema yetu, hageuki jinsia kabisa.

Wala si sisi peke yetu tuliodanganywa na vazi. Wataalamu wa zamani walipowaona samaki wa rangi mbalimbali waliwapa majina mbalimbali, hata majina yakazidi mara kadhaa idadi ya samaki wenyewe. Peter Forsskål, aliyefariki Yemen mwaka 1763, aliandika habari za samaki wa Bahari ya Shamu, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1775. Baadhi ya majina aliyachukua kwa Waarabu wenyewe, na hadi leo wataalamu huwaita pono wawili *ghobban* na *harid*. Ghobban yuko pwani yetu pia. Jike lake ni la manjano lenye mistari ya buluu, na dume lake ni la kijani. Ukiwaweka kwenye sinia moja, utaapa kuwa si ndugu.

Na huyu si kiumbe wa kupuuzwa. Kwa mdomo wake mgumu kama wa kasuku hukwangua mwani juu ya mawe ya matumbawe, na hivyo mwamba hupata nafasi ya kuota upya. Hilo lina uzito kwetu, kwani joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu. Mawe anayoyatafuna huyasaga na kuyatoa yakiwa mchanga mweupe, na pono mmoja mkubwa huweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Tunapomwambia mtoto "umelala kama pono", tukumbuke kuwa pono wengine hujifunika usiku kwa ute wao wenyewe, mfano wa chandarua, na ute huo huwakinga na wadudu wanyonyao damu.

Tulipokuwa tukiagana, mama wa yule binti alitunong'oneza kilichomtia hofu: mtoto asije akayafanya maumbile ya samaki kuwa kipimo cha mambo ya binadamu. Hofu yake tunaielewa. Lakini, mama yetu, hukumu zetu hazikuchukuliwa kwa wanyama. Paka huweza kumla mwanawe, wala hatujasikia mama aliyekifanya kitendo hicho kuwa hoja. Pono anatii maumbile aliyopewa na Muumba wake, nasi tuna sharia tuliyopewa. Mtoto hufundishwa yote mawili, kila moja mahali pake. Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, inatutajia tofauti za rangi kuwa miongoni mwa ishara kwa wenye elimu. Vipi basi tumkemee mtoto aliyeiona ishara kabla yetu?

Tunachokihofia sisi ni kingine. Mtoto akisema kweli akachekwa, kisha akanyamazishwa na mwenye kilemba, hujifunza kwamba dini na kweli ni mahasimu. Siku atakapokuwa na swali zito zaidi atalipeleka kwingine, nasi hatutajua. Maulama wetu walisema kuwa "sijui" ni nusu ya elimu. Siku ile Bungoma tuliikosa nusu hiyo.

Barua tumekwisha kuituma, na tumeomba isomwe katika darsa lile lile, mbele ya wale wale waliocheka. Na kwako, binti yetu: ulisema kweli, na Sheikh wako alikosea. Tuwie radhi. Tafadhali, uliza tena.

Wabillahi tawfiq.