Asilimia ya Nani?

Matokeo ya darasa la saba yanapotangazwa, huwa nakaa kimya siku mbili tatu nisikilize watu wanavyosema. Pale Mikumi, kwenye vibanda vya chai yanaposimama malori yaendayo Iringa na Zambia, maneno ni yale yale kila mwaka: shule fulani imepata asilimia 90 na ushei, shule fulani imeburura mkia, mwalimu mkuu wa kule ahamishwe. Kilosa mjini ni vivyo hivyo. Sijapata kumsikia mtu hata mmoja akiuliza: asilimia 90 ya watoto gani?

Ndugu msomaji, chukua shule moja ya kufikirika. Mwaka fulani iliandikisha watoto 80 darasa la kwanza. Siku ya mtihani wa kumaliza, miaka saba baadaye, waliokaa kwenye madawati ni 40. Waliofaulu ni 36. Shule hiyo itaandikwa kuwa imefaulisha kwa asilimia 90, mwalimu mkuu atapigiwa makofi, na pengine atapewa cheti. Lakini mimi niliyefundishwa hesabu za mafungu kwa fimbo naona kwamba kati ya watoto 80 waliokabidhiwa kwa shule hiyo, 36 tu ndio waliofika. Hata nusu hawakutimia. Hao wengine 40 wako wapi? Wachache walihama na wazazi wao, na hao nakubali. Waliobaki hawamo katika ubao wowote, wala hawakufeli. Hawakuwepo tu.

Anayeijua wilaya yetu anajua walipo. Mpunga ukianza kukomaa, mtoto hupandishwa dunguni kuamia ndege tangu alfajiri hadi jua linapozama. Wa vijiji vinavyopakana na hifadhi baba huwakesha kulinda shamba dhidi ya tembo, na asubuhi hawawezi kufumbua macho. Watoto wa wafugaji hufuata ng'ombe malisho yanapohamia. Mto Mkondoa nao una hesabu zake: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalizitoa familia nyingi za Kilosa katika nyumba zao na kuziweka mahemani, na mtoto aliyepoteza nyumba, madaftari na sare kwa usiku mmoja harudi darasani kwa sababu kengele imegongwa. Halafu wapo mabinti wanaoambiwa na wakubwa wao wenyewe waandike majibu ya ovyo ili wafeli, waolewe au wapelekwe mjini kufanya kazi za ndani. Jambo hili limesemwa katika wilaya nyingi za nchi yetu, na aibu yake hatujaimaliza.

Kuna wengine hawakuondolewa na mto wala na mpunga. Waliondolewa na asilimia.

Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Sehemu yake moja ilikuwa kuzipanga shule za msingi nchi nzima kwa ubora wa matokeo, kila shule ijulikane ni ya ngapi kitaifa na ya ngapi katika wilaya yake. Nia ilikuwa njema: aliye nyuma aone haya, ajikaze. Wachumi watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, baadaye waliyafuatilia yaliyotokea. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha kweli matokeo. Lakini waliona pia kwamba shule hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kukaa mtihani. Ukitaka wastani upande, njia moja ni kufundisha. Nyingine ni kumwambia mzazi kwa sauti ya upole kwamba kijana wake hayuko tayari, akae kwanza nyumbani, au arudie darasa. Njia hii ya pili haihitaji chaki.

Sidhani Kilosa ilisalimika. Niliwahi kumuuliza mwalimu mkuu mmoja ambaye shule yake ilikuwa imesifiwa sana, "Mwalimu, hawa waliofanya mtihani, walipokuwa darasa la nne walikuwa wangapi?" Akacheka, akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mke wake. "Mzee wangu," akasema, "hilo hata Ofisa Elimu haniulizi."

Simlaumu. Mwalimu huyo anapimwa kwa rula aliyopewa. Ninayoilaumu ni rula, na sisi tunaoishangilia. Tazama ilivyoyumba: mwaka 2011 waliofaulu darasa la saba nchini walikuwa asilimia 58 hivi. Mwaka 2012 wakawa asilimia 31 hivi, na mwaka 2013 wakarudi kama 51. Je, watoto wa Tanzania walipumbaa ghafla mwaka mmoja, kisha wakazinduka? La hasha! Mwaka huo wa 2012 ndipo ulipoanza utaratibu wa kusiliba majibu ili yasahihishwe kwa mashine. Na mwaka huo huo Wizara ilikiri kwamba watoto zaidi ya 5,000 walikuwa wameingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Hao walikuwa "wamefaulu". Katika hesabu ya shule zao walitiwa upande wa furaha.

Nitaambiwa kwamba bila mtihani walimu watalala. Sijasema mtihani ufutwe. Mtoto wa mkulima wa Vidunda, kule mlimani ambako mwalimu akipangiwa huanza kutafuta uhamisho kabla hajafungua begi, hana wa kumsemea zaidi ya karatasi ile. Ninalokataa ni kumlinganisha na mtoto wa shule ya kulipia ambayo humchuja mtoto kwa usaili kabla hajavaa sare, kisha kumwambia mwalimu wa Vidunda kwamba ameshindwa. Baraza la Mitihani lenyewe, Januari 2023, liliacha kutangaza orodha ya shule bora lilipotoa matokeo ya kidato cha nne. Nililipongeza moyoni. Huku chini lakini, katika vikao vyetu, orodha bado inasomwa kwa sauti kuanzia juu hadi chini, na wa chini huinamisha kichwa.

Mimi ningetaka kila shule ibandike mlangoni tarakimu tatu: walioandikishwa darasa la kwanza, waliofanya mtihani, waliofaulu. Chini yake, kwa kila aliyepungua, neno moja tu la sababu: kahama, kafariki, kaolewa, yuko machungani, hajulikani. Daftari la mahudhurio lipo. Haihitaji mfadhili.

Nililisema hili katika mkutano mmoja wa wazazi. Mwenyekiti alinishukuru kwa mchango wangu mzuri, akasema muda umetutupa mkono, na tukaendelea na ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa michango ya kambi ya darasa la saba.