Nyawawa na Kisingizio cha Sumaku

Wenyeji wa Homa Bay na Migori wanawajua Nyawawa: pepo waaminiwao kuja na kelele kutoka ziwani, hata watu wakagonga sufuria na mabati mpaka wapite. Sina nia ya kuikejeli imani hiyo ya Waluo. Ninalolishuku ni jibu la kisomi, kwamba vilima vyetu vina sumaku nayo sumaku huuchezea ubongo.

Nusu ya jibu hilo ni kweli. Mlima Homa ni volkeno ya kabonatiti, mwamba ambao kwa kawaida huwa na magnetiti, na penye madini hayo kwa wingi sindano ya dira huweza kupotoka. Mwaka 1992 Joseph Kirschvink wa Marekani na wenzake walieleza kuwa wamekuta chembe za magnetiti katika ubongo wa binadamu. Mwaka 2019 kundi lake liliwaketisha watu gizani, likageuza uelekeo wa sumaku yenye nguvu kama ile ya dunia. Mawimbi ya ubongo wa baadhi yao yalibadilika, ilhali wenyewe hawakutambua lolote!

Michael Persinger wa Kanada naye alidai kwamba sumaku hafifu kichwani humfanya mtu ahisi kuna kiumbe karibu naye. Wasweden wa Uppsala walilirudia jaribio hilo, mhusika asijue sumaku inafanya kazi lini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kuwa sumaku haikuleta tofauti. Waliohisi ni wale wepesi wa kushawishika.

Isitoshe, mwamba hauhami. Lau mlima ndio ungekuwa chanzo, Nyawawa wangevuma kila usiku. Mimi naushuku upepo, maana Ziwa Victoria ni maarufu kwa dhoruba za usiku.

Walakini kuna mtu mmoja anayenihangaisha: yule asikiaye sauti ambazo jirani zake hawazisikii. Huyu akiambiwa ni pepo, ataombewa. Akiambiwa ni sumaku ya mlima, atahama boma. Kwa vyovyote vile atachelewa kumwona daktari wa akili, na maradhi yake yatibiwayo mapema yatakomaa. Tangu mwaka 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti. Basi serikali za Homa Bay na Migori ziwafunze wahudumu wa afya wa vijijini kumtambua mtu huyo na kumfikisha hospitalini.