Kujiamini Hakupimwi kwa Hojaji

Siku ya mwisho ya warsha washiriki hugawiwa hojaji: "Baada ya mafunzo haya, unajiamini kiasi gani kukabili dharura?" Chagua namba, moja hadi tano. Muuguzi aliyehitimu juzi anazungushia tano, anapokea cheti, picha ya pamoja inapigwa, na ripoti inaandikwa kwamba mafunzo yamefaulu. Mimi nasema ripoti hiyo haijatuambia chochote kuhusu mgonjwa.

Nasoma Kiswahili, si uuguzi, na najua yupo mhadhiri atakayeuliza nimeingiaje humu. Nimeingia kwa sababu hapa Nyamirambo naishi na binti wa mama yangu mdogo, muuguzi mpya anayepangiwa zamu za usiku katika chumba cha kujifungulia. Tena, mwenye haki ya kuuliza juu ya hospitali ni yeyote anayeweza kulazwa.

Sipingi mazoezi ya kuigiza dharura. Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa Helping Babies Breathe, na pamoja nao akaja mwanasesere aitwaye NeoNatalie, aliyetengenezwa na Laerdal ya Norway. Anajazwa maji ili awe na uzito wa mtoto mchanga. Mkufunzi akibonyeza vipira vilivyounganishwa naye, kitovu kinadunda au kifua kinapanda. Akiacha, mtoto "hapumui". Mwanafunzi anatakiwa amkaushe, amsugue mgongo, na akiona bado kimya aanze kumpa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijapita. Wenyewe huiita dakika ya dhahabu. Tanzania ilipoujaribu mpango huo katika hospitali nane, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Basi nalalamikia nini? Nalalamikia tunavyoiga nusu ya habari. Katika Hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, wahudumu walipewa mafunzo hayo hayo kwa siku moja. Miezi saba baadaye walipimwa tena mbele ya mwanasesere, wakafanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Lakini watafiti waliokuwa wakiangalia wodini waliona huduma kwa watoto halisi haikubadilika. Ndipo Haydom ikabadili utaratibu: zoezi fupi la dakika chache kila wiki, papo hapo kazini, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mwanasesere hakubadilika, wala wahudumu hawakugeuka mabingwa. Kilichoongezeka ni kurudia.

Sasa turudi kwenye hojaji. Muuguzi mwenye hofu huita mwenzake mapema. Aliyeaminishwa na cheti kwamba anaweza, na mikono yake haijashika mfuko wa hewa kwa miezi minane, hachelei kuanza peke yake. Kati ya hao wawili namwogopa wa pili. Kujiamini kusiko na mazoezi ni hatari zaidi ya woga, na sisi tunakuhesabu kama mafanikio!

Wapo watakaosema wauguzi ni wachache, muda hakuna. Rwanda ilianza mwaka 2023 mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne. Maana yake wodi zitajaa wageni wa kazi, na wageni ndio wanaohitaji kurudia. Dakika tano wakati wa kupokezana zamu si muda wa kukosekana.

Wengine watasema vifaa ni ghali, vitaharibika. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Dada yangu anasema kwao mwanasesere yupo, kafungiwa kabatini, na ufunguo anao mkubwa mmoja anayeondoka Ijumaa jioni. Sijui kama kuna mtoto aliyekubali kusubiri Jumatatu ndipo azaliwe. Hospitali yenyewe siitaji.

Kuna jambo jingine, na hili ni la fani yangu. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba masomo yatolewe kwa Kiingereza, mazoezi hufuata lugha hiyo: "Call for help!" Usiku wa manane hakuna anayepiga kelele hivyo. Watu huitana kwa Kinyarwanda, na mama wa Biryogo huenda akajibu kwa Kiswahili. Zoezi la dharura lisilo na lugha ya dharura limemzoesha muuguzi ukumbi wa mkutano tu.

Kwa hiyo ningependa hojaji ifutwe, na mahali pake liulizwe swali moja kila mwezi: mara ya mwisho ulimshika mwanasesere tarehe ngapi? Nanyi wahadhiri wa uuguzi mnaosoma hapa, nawaomba jibu la swali dogo zaidi. Huko mnakowapeleka wahitimu wenu, ufunguo wa kabati anao nani usiku?