Tovuti za Michezo Zisiwafungie Nje Wenye Ulemavu

Tovuti ya chama cha michezo ndimo ratiba hutolewa, tiketi huuzwa, fomu za usajili hujazwa na matokeo hutangazwa. Mwenye ulemavu asipoweza kuitumia, amezuiwa hata kabla hajafika uwanjani. Kwamba jambo hilo ni ovu hakuhitaji ushahidi. Waislamu wanakijua kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutafuta elimu wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Makureshi, ikashuka Sura Abasa kwa ajili yake. Wakristo nao wanajua kuwa sheria ya Musa ilikataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Linalobaki kuelezwa ni jinsi vikwazo vya leo vinavyowekwa, na visingizio vinavyovilinda.

Asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini, inayoyageuza maandishi kuwa sauti, au kuwa nukta nundu kwenye kifaa kinachopapaswa kwa vidole. Programu hiyo ikikuta picha isiyo na maelezo, husema tu kwamba pana picha, au husoma jina la faili lisilo na maana. Jedwali la msimamo wa ligi ambalo vichwa vya safu havikuwekwa sawasawa humwagia msikilizaji namba tupu: 30, 21, 5, 4, 68. Zipi ni mechi, zipi ni ushindi, zipi ni pointi, hajui. Mwenye mikono isiyoweza kushika kipanya hutegemea kibodi, naye hukwama kwenye menyu inayofunguka kwa kipanya peke yake. Kiziwi huachwa na video ya mahojiano isiyo na maandishi. Mwenye uoni hafifu hupewa herufi za kijivu juu ya rangi nyeupe, eti ndiyo mtindo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Dawa ya haya yote inajulikana tangu Mei 1999, pale W3C, jumuiya ya kimataifa inayoweka viwango vya mtandao, ilipotoa toleo la kwanza la mwongozo wa ufikivu. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Kwa hiyo anayesema hakujua, hakutaka kujua.

Kisingizio kinachopendwa zaidi ni gharama, nacho kilikwisha kupimwa mbele ya sheria huko Australia. Bruce Maguire, asiyeona tangu kuzaliwa, alitaka kufuatilia Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 kama raia wenzake. Juni 1999 aliishtaki kamati ya maandalizi, SOCOG, mbele ya tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo, kwa sheria ya mwaka 1992 inayokataza ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu. Madai yake kuhusu tovuti yalikuwa machache na ya wazi: picha zilikosa maandishi mbadala, kutoka ukurasa wa ratiba hakuweza kuifikia faharasa ya michezo, majedwali ya matokeo hayakusomeka kwa kifaa chake cha nukta nundu.

Kamati ilijitetea kwa mahesabu ya kutisha. Ilidai kwamba majedwali yalitegemea violezo 1,295, kwamba kazi ingemchukua mtu mmoja siku 368, na kwamba ingegharimu zaidi ya dola milioni 2 za nchi hiyo. Ikaongeza kwamba Maguire angeweza kuziandika mwenyewe anwani za kurasa za mchezo mmoja mmoja, jambo ambalo hakuna mtazamaji mwenye macho aliyetakiwa kulifanya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Wataalamu Tom Worthington na Jutta Treviranus walieleza kuwa kazi yenyewe ilikuwa ndogo mno kuliko ilivyodaiwa. Tarehe 24 Agosti 2000 Kamishna William Carter aliamua kwamba Maguire amebaguliwa, akaiamuru kamati irekebishe tovuti ifikapo 15 Septemba, siku ya ufunguzi wa michezo. Kamati ikatekeleza nusunusu, na Novemba ikaamriwa kumlipa fidia ya dola 20,000.

Fundi anayeandika maelezo ya picha siku anapoiweka hutumia sekunde chache. Anayesubiri hadi picha zifike maelfu huandika bajeti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sydney hiyohiyo, Oktoba 2000, iliipa Afrika Mashariki fahari isiyosahaulika. Henry Wanyoike wa Kenya, aliyepoteza uwezo wa kuona kwa kiharusi mwaka 1995 akiwa kijana mwenye afya, alishinda mbio za mita 5,000 za Paralimpiki, akimvuta hadi mwisho mwongozaji wake aliyeishiwa nguvu. Hujafa hujaumbika. Viongozi wa michezo wa eneo hili wanastahili pongezi kwa kuwapokea mashujaa wa namna hiyo kwa ngoma na mashada. Ila shujaa akirudi nyumbani na kutaka kujua mbio zijazo ni lini, anawekewa picha ya barua.

Picha ya barua ndiyo donda ndugu la vilabu na vyama vya huku. Taarifa kwa umma huchapwa, hupigwa muhuri, hupigwa picha, kisha picha hiyo huwekwa mtandaoni bila neno moja la maandishi. Ratiba ya msimu mzima hutolewa hivyohivyo, na maneno yake yalikuwa tayari kwenye kompyuta ya katibu! Kuyabandika chini ya picha hakuhitaji fundi wala fedha.

Redio nayo, iliyokuwa kimbilio la asiyeona, inaharibiwa na watangazaji wanaopiga soga. Dakika nzima hupita wakisalimia marafiki na kusifia jezi, mpira uko wapi hasemi mtu, na matokeo hutajwa wanapokumbuka. Mtangazaji wa redio analipwa ili amwonyeshe msikilizaji uwanja. Soga zingoje mapumziko.

Wala sheria haziko kimya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unataja ufikivu wa habari katika kifungu cha 9 na michezo katika kifungu cha 30. Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia nukta nundu na lugha ya alama, na Tanzania ina sheria yake ya watu wenye ulemavu ya mwaka huohuo.

Chama kinachoanza kazi hii huanza na majaribio. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, na simu nyingi zina programu ya namna hiyo ndani yake. Hata hivyo fundi mwenye macho akijaribu peke yake hujidanganya, kwa kuwa anaujua ukurasa ulivyo. Wanaopaswa kuitwa ni wanachama wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa mikono, walipwe kwa muda wao, waambiwe wanunue tiketi na watafute matokeo ya jana bila kusaidiwa. Wanapokwama huandikwa. Kasoro zinazozuia tiketi hutangulizwa, ratiba na matokeo hufuata, kisha fomu za usajili. Mapambo ya ukurasa wa mwanzo husubiri.