Kamera bila nesi haiokoi mtu ICU

Gavana akizindua ICU mpya picha huwa safi: vitanda vyeupe, mashine zinawaka taa, mheshimiwa ameshika mkasi wa kukata utepe. Hakuna anayemuuliza nani atakuwa amesimama kando ya hicho kitanda saa nane usiku.

Hii filamu tumeshaiona. Mwaka 2015 serikali ilianza kukodisha vifaa vya hospitali kupitia mradi wa MES, hospitali mbili kila kaunti, kwa mabilioni ya pesa. Kamati ya Seneti ilipochunguza mwaka 2020 ilipata vifaa vingine vimekaa bure. Kwingine wataalamu hawakuwepo, kwingine hata stima ilikuwa shida.

Sasa stori imehamia telemedisini, na Sheria ya Afya Dijitali ya 2023 imeifungulia mlango. Wazo lenyewe si baya. Mabingwa wa kutibu wagonjwa mahututi ni wachache na wengi wako Nairobi. Basi weka kamera Lodwar, bingwa aangalie skrini akiwa mjini.

Kwamba bingwa anasaidia, sibishi. Mwaka 2002 watafiti Marekani walijumlisha tafiti 26, wakapata kuwa pale ambapo bingwa ndiye anaongoza ICU, ama lazima aulizwe, vifo hospitalini vilikuwa chini kwa karibu asilimia 30.

Ila bingwa wa kwa skrini ni hesabu nyingine. Katika hospitali moja ya Massachusetts vifo vilishuka kutoka asilimia 13.6 hadi 11.8, kulingana na utafiti wa 2011. Huko Houston, Texas, utafiti wa 2009 haukuona nafuu ya maana kwa wagonjwa wote kwa jumla. Teknolojia ni ile ile, sasa nini kilitofautiana? Houston, madaktari wengi wa wodi hawakumpa yule wa mbali ruhusa ya kugusa matibabu isipokuwa kwa dharura. Massachusetts aliweza kuingilia, na timu yake ilifuatilia kama kanuni za wodi zinafuatwa. Yaani kamera bila mamlaka ni CCTV tu, bana.

Halafu kuna Brazil, nchi inayofanana nasi kuliko Marekani. Utafiti uliotoka 2024 ulihusisha ICU 30 na wagonjwa zaidi ya 17,000. Bingwa alipiga raundi kila siku kwa video. Wagonjwa hawakutoka ICU mapema zaidi, na vifo havikupungua.

Mimi naona sababu iko kitandani. Mgonjwa aliyewekwa kwenye mashine ya kupumua lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, avutwe makohozi kwenye mpira, dawa ya presha ipandishwe au ishushwe dakika hiyo hiyo. Hiyo ni kazi ya nesi, na nesi mmoja akipewa wagonjwa watano, bingwa wa Nairobi atabaki kutazama tu. Na hapa kwetu tuna wauguzi na madaktari waliohitimu wanaokaa nyumbani bila ajira! Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na suala la kuajiriwa lilikuwa ndani.

Kwa hivyo msee, kaunti yako ikitangaza tenda ya telemedisini, muulize MCA wako mambo matatu. Nesi wa ICU ni wangapi kila zamu? Bingwa wa kwa skrini ana ruhusa ya kubadilisha dawa? Na stima ikipotea jenereta ina mafuta ya saa ngapi?